Denishi za Matunda: Mwongozo kwa Mkaaji wa Pwani Asiyesikia la Mkuu

Mji huu haujawahi kukosa mandazi. Kila mtaa una mama anayekaanga tangu saa kumi na moja alfajiri. Unampa hela yako, anakufungia kwenye gazeti, unakula yakiwa bado yanachoma vidole, na siku imeanza vizuri. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mwongozo huu haumhusu.

Unakuhusu wewe uliyeona ile video ya dakika moja: dada mmoja wa Ulaya, aproni haina hata doa, anakunja unga mara tatu, anautia kwenye oveni, anatoa vitu vya rangi ya dhahabu vyenye matunda yanayometameta katikati, halafu anatabasamu. Ukasema, "Kumbe rahisi!" Ukamtumia shoga yako. Shoga akajibu kwa emoji tatu za kucheka, na hapo ndipo ikawa lazima uoke. Lau ungeangalia vizuri, nyuma ya yule dada kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na theluji. Hicho ndicho kiungo cha kwanza cha denishi, naye hakukitaja.

Denishi ni unga wa hamira uliofichwa siagi tabaka juu ya tabaka, ukakatwa vipande, ukawekewa kastadi, jamu au matunda katikati, ukaokwa. Historia yake nitakupa kwa ufupi, upate cha kuwaambia wageni wakati wanasubiri. Mwaka 1850 wafanyakazi wa viwanda vya mikate nchini Denmark waligoma. Waajiri wao waliona kuongeza mishahara ni gharama, wakaita waokaji kutoka nje, wakiwemo wa Austria, nao wakaja na ujuzi wao wa kukunja siagi ndani ya unga. Mgomo ulipokwisha, Wadenmark walirudi kazini wakakuta kitafunwa kigeni, wakakiongezea mayai na siagi kwa mtindo wao, na dunia nzima ikakiita cha kwao. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, basi ujue unachotaka kuoka kilipata umaarufu mgongoni mwa mgomo uliovunjwa. Mezani utajua mwenyewe la kufanya na dhamiri yako.

Sasa hesabu inayokuhusu. Siagi hulainika mapema, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 huwa imeyeyuka kabisa. Copenhagen mwezi wa Februari joto huzungukia nyuzi sifuri. Dar es Salaam mwezi huohuo, saa nane mchana, kivulini, ni nyuzi 32 au 33. Yaani jiko lako, kabla hujawasha chochote, tayari ni sufuria ya kuyeyushia siagi. Wenzetu wa Njombe na Makete, ambako Julai sakitu huanguka mpaka kwenye viazi, wanaweza kuruka aya zote zenye malalamiko na kwenda moja kwa moja kwenye vipimo. Hawajui walichojaliwa, na hatutawaambia.

Friji na siasa zake

Kabla ya unga, kabla ya siagi, pata nafasi kwenye friji. Nasema nafasi ya trei nzima, imelala, bila kuegemea kitu. Sentimita 30 kwa 40 hivi. Utakapofungua friji utagundua kwamba sentimita hizo zinakaliwa na pilau la juzi, nusu tikiti maji, dawa ya mtoto iliyokwisha muda, na sufuria ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kufunua kifuniko chake. Huko juu kwenye friza kuna barafu za ubuyu za dada wa kazi, ambazo ni biashara yake halali na huna mamlaka nazo. Kaeni kikao. Mkikubaliana, andikeni.

Dagaa ahamie kwingine. Siagi hunyonya harufu ya chochote kinacholala karibu nayo, na denishi ya nanasi yenye kumbukumbu ya Mwanza haijapata soko.

Halafu tangaza amri: kwa saa kumi na mbili zijazo, mtu asifungue friji na kusimama pale akitafakari maisha. Kila nyumba ina huyu mtu. Hana kiu, hana njaa, anatazama tu mwanga. Mtafutie shughuli nje ya nyumba.

Umeme ukikatika, usilie wala usifungue kuangalia. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne. Jaza chupa za maji kwenye friza siku mbili kabla. Zitakusaidia wakati wa giza, na zitakusaidia tena baadaye kwa kazi nitakayoieleza, ambayo yule dada wa kwenye video hajawahi kuiota.

Unga, kazi ndogo kuliko zote

Pima kwa mizani. Najua kwenu mnapima kwa kikombe, na kikombe chenyewe ni kile cha bibi ambacho mpini ulishavunjika. Kwa mahamri kinatosha, hapa hakitoshi. Unga wa ngano gramu 500. Sukari gramu 60. Chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu. Hamira ya pakiti gramu 10. Iliki iliyosagwa, kijiko kimoja cha chai. Usione ni ubishi wetu wa Kiswahili, Wadenmark wenyewe huitia. Siagi laini gramu 50, yai moja, maziwa mililita 220.

Maziwa na yai vitoke friji vikiwa baridi. Hapa ndipo waliolelewa kwenye mahamri hupata shida ya kiimani, maana tangu utotoni wamefundishwa kwamba hamira inapenda tui la uvuguvugu na donge hulazwa pahali pa joto lipate kuumuka. Leo tunataka kinyume chake. Hamira ikichangamka mapema, donge litapasuka na kutoa siagi nje wakati bado unakunja. Kwa hiyo baridi. Kanda dakika nne au tano, mpaka unga ushikane tu, kisha ufunge kwenye plastiki na uulaze friji usiku kucha. Hiyo ndiyo kazi yote ya siku ya kwanza. Furahia, hutapata siku nyingine kama hii.

Siagi

Unahitaji gramu 250 za siagi halisi. Sitataja bei, kwa sababu kuna wasomaji wenye shinikizo la damu. Ukishaiona rafuni utageuza macho, na macho yatatua kwenye kopo la majarini linalocheka kwa bei ya huruma. Usidanganyike. Majarini ya kupaka mkate ina maji mengi na mafuta laini, imetengenezwa makusudi ipakike kirahisi, na kitu kinachopakika kirahisi hakikai tabaka. Utaikunja, itakimbilia kwenye unga, na mwisho utaoka skonzi zenye matunda. Skonzi ni kitu chema, ila hukuhitaji kuamka alfajiri kwa ajili yake.

Kuna majarini nyingine, ya viwandani, ngumu, inayostahimili joto. Ndiyo inayotumika kwenye denishi nyingi za dukani na za kifungua kinywa cha hoteli. Utaitambua kwa ulimi: ukishameza, kunabaki utando kwenye kaakaa kama umelamba mshumaa. Sababu ni kwamba baadhi ya mafuta hayo huyeyuka juu ya nyuzi 37, na mdomo wako hauna joto hilo. Siagi halisi huyeyukia mdomoni, na tatizo letu lote ni kwamba kwetu huyeyukia popote.

Amka saa kumi alfajiri. Hii si kejeli, ndiyo saa pekee ambayo jiko la Pwani linakubali mazungumzo. Toa siagi friji, iweke kati ya plastiki mbili, uipige kwa mti wa kusukumia chapati. Piga kwelikweli. Mara ya kwanza itapasuka na kumeguka, endelea. Baada ya muda vipande vitaanza kushikana tena, na utafika pale ambapo ukiinua pembe moja inakunjika bila kuvunjika, huku bado iko baridi na haiachi mafuta kwenye plastiki. Hapo ndipo. Inyooshe iwe mraba wa sentimita 20 kila upande. Majirani watasikia mapigo na kila mmoja atakuwa na tafsiri yake kuhusu ndoa yako. Asubuhi wasalimie kwa uchangamfu wa kawaida.

Sukuma donge liwe mraba wa sentimita 30. Lalisha siagi katikati, mishazari, pembe zake zikitazama katikati ya kingo za unga, kisha funika kwa pembe nne za unga mpaka zikutane katikati, na ubane mishono. Siagi sasa iko ndani ya bahasha, na kanuni ni moja: isionekane tena hadi kufa.

Aliyewahi kupika chapati za kuchambuka ameshafika nusu ya safari hii bila kujua. Unasukuma, unapaka samli, unakunja kamba, unazungusha, unalaza, unasukuma tena. Zile kurasa zinazochanika unapokula ni unga na mafuta vilivyokataa kuchanganyika. Denishi ni ukaidi huohuo, isipokuwa samli inaruhusiwa kuwa laini na siagi hairuhusiwi. Na kwenye chapati ukikosea, watu wanakula na mchuzi wala hakuna anayehoji. Hapa hakuna mchuzi.

Sukuma bahasha yako iwe ndefu, sentimita 60 kwa 20. Kibao cha chapati hakitoshi. Tumia meza ya kulia, na kabla ya kuanza zilaze zile chupa za barafu juu yake kwa dakika kumi, kisha kausha vizuri. Kunja unga mara tatu kama unavyokunja barua. Friji, nusu saa. Zungusha robo mduara, sukuma tena, kunja mara tatu. Friji. Halafu mara ya mwisho. Siagi iliyokuwa tabaka moja imekuwa 3, ikawa 9, ikawa 27. Ukishaona 27 utatamani kukunja mara ya nne ufike 81, kwa sababu binadamu hatosheki. Tabaka zikiwa nyembamba mno siagi huingia ndani ya unga, na unarudi kule kwenye skonzi.

Dalili za hatari ni mbili. Ukiona vipande vya siagi vinapasukapasuka chini ya unga, siagi imekuwa ngumu kuliko donge. Iache mezani dakika tatu, tatu tu. Ukiona unga unang'aa, unateleza na kuugusa kwa kidole kunaacha mafuta, siagi imeanza kuyeyuka. Usijitetee, usinyunyize unga kuficha ushahidi, usiseme "nimalizie tu hii mara moja." Rudisha friji hapohapo. Wengi huharibikiwa kwa hii mara moja.

Matunda, yaani maji

Wadenmark wenyewe hutosheka na kijiko cha jamu au kastadi katikati, mara nyingi juu ya mchanganyiko wa siagi, sukari na lozi uliosagwa pamoja. Hiyo lozi badilisha na korosho. Mtwara haiko mbali, na korosho ikisagwa na sukari na siagi kwa kiasi sawa, kijiko kimoja chini ya tunda hunyonya maji na kuokoa sehemu ya chini isilowe. Hili nalisema bila kejeli yoyote. Ni bora kuliko lozi, na aliye na ubishi alete zake tupime.

Tabu inaanza kwenye ukarimu wetu. Mtu wa Pwani hajui kuweka kidogo. Akikutilia chai inamwagika kwenye sahani, akikupakulia wali anaushindilia. Akipata denishi ataweka kastadi vijiko vitatu, nanasi, embe, ndizi, na juu yake zabibu kavu kwa kuwa zilikuwepo. Kisha anashangaa kwa nini trei imegeuka bwawa. Nanasi zaidi ya asilimia 80 yake ni maji, na embe halikadhalika. Ukiyaweka mabichi ndani ya unga unaotakiwa kukauka, umetia maji kwenye karatasi.

Kwa hiyo pika matunda kwanza. Nanasi la Kiwangwa likiwa limeiva ni tamu lenyewe, linahitaji sukari kidogo na ndimu. Likate vipande vya ukubwa wa punje ya harage, bandika moto wa wastani, koroga hadi maji yakauke. Kipimo: pitisha mwiko katikati ya sufuria, ukiona njia imebaki wazi sekunde mbili tatu bila kujifunga, epua. Kupika kuna faida nyingine. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, ndicho kinachokuwasha ulimi ukila lingi, na kikikutana na maziwa ya kwenye kastadi huifanya chungu. Moto hukiua.

Embe lichague lisilo na nyuzi. Hakuna fedheha kama mgeni kuvuta uzi wa embe kutoka kati ya meno mbele ya watu huku anasifia mapishi. Pasheni ni hodari kuliko wote kwa sababu ya ukali wake; kijiko kimoja ndani ya embe lililopikwa huamsha ladha nzima, maana siagi, sukari na embe bila kitu kichachu ni utamu unaolala usingizi. Plamu na mapeasi ya Lushoto yanafaa kuliko yote, na yanafanana zaidi na matunda yanayotumika Ulaya. Ndizi iache. Papai usilitaje. Fenesi lina mashabiki wake, nawaheshimu, wakae mbali na trei yangu.

Kastadi unaweza kuipika mwenyewe: maziwa mililita 250, viini viwili vya mayai, sukari gramu 50, konfulawa gramu 25. Tafadhali sikia: konfulawa ni ile nyeupe laini inayolia ukiifinya kwenye mfuko. Si sembe. Kuna watu wamesoma "unga wa mahindi" mahali fulani wakatia sembe, wakapata ugali wa vanila. Koroga juu ya moto mpaka ichemke, na ikichemka iache itoe mapovu dakika nzima. Viini vya mayai vina kimeng'enya kinachokula wanga, na usipokichemsha kikafa, kastadi yako nzito ya usiku itakuwa uji mwepesi asubuhi.

Au nunua ya unga, ya kwenye pakiti, huna haja ya kujificha. Ilibuniwa mwaka 1837 na Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na mayai. Mkewe huyohuyo hakupatana na hamira pia, basi mzee baada ya miaka kadhaa akabuni na baking pauda. Mwonyeshe mwenzio aya hii anaposema kwamba kukuoshea sufuria tu ni mapenzi tosha.

Kuumua na kuoka

Sukuma donge liwe unene wa milimita 5, kata miraba ya sentimita 10. Utapata 18 hadi 20. Umbo rahisi ni kuleta pembe nne katikati na kuzibana kwa nguvu. Wapenda madoido wakate kila pembe kuelekea katikati na kukunja ncha moja moja ili kupata pangaboi. Kuna maumbo mengine mengi. Yote hufunguka kwenye oveni, na ukiulizwa, ndivyo ulivyokusudia.

Kuumua ndiko kunakomaliza watu. Hamira inataka joto, siagi inataka baridi, na wewe umekaa katikati kama mjumbe wa nyumba kumi. Kiwango wanachoweza kukubaliana wote wawili hakizidi nyuzi 26 au 27. Saa mbili asubuhi kwako tayari kumepita hapo. Leta deli, lile la kuuzia samaki au barafu, lililooshwa kwa sabuni na limau mpaka lisahau lilikotoka. Weka trei ndani, chupa moja ya barafu pembeni isiguse unga, funika. Kagua kila baada ya robo saa. Likiwa baridi mno toa chupa, likipata joto irudishe. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili denishi zitakuwa zimevimba, tabaka zinaonekana pembeni, na ukitikisa trei zinatetemeka. Usiziguse zaidi ya hapo kwa ajili ya picha.

Bonyeza katikati kwa kitako cha bilauri ndogo. Korosho kidogo, kastadi kijiko kimoja, tunda kijiko kimoja. Kimoja. Paka yai kwenye kingo, ila lisichuruzike pembeni kwenye tabaka zilizo wazi, maana litazigundisha zisipande.

Oveni iwe nyuzi 200, na iwe imewashwa nusu saa kabla. Za gesi zenye namba, namba 6. Siagi ina maji kiasi cha asilimia 16, na maji hayo yakikutana ghafla na joto kali huwa mvuke, mvuke husukuma tabaka zipande. Ukiziingiza kwenye oveni iliyopoa, siagi huyeyuka taratibu na kutoka nje kabla mvuke haujafanya kazi. Utaona denishi zinaelea kwenye mafuta yake, zinajikaanga. Watakaokula watafurahia, lakini wewe utajua. Dakika 15 hadi 18, mpaka ziwe kahawia kwelikweli na si rangi ya mgonjwa. Sehemu ya chini ndiyo hubaki mbichi, kwa hiyo inua moja uchungulie kabla ya kushangilia.

Zikitoka, zipake jamu iliyoyeyushwa kwa maji kidogo ili zing'ae. Ziache dakika kumi. Kastadi ya ndani ni moto wa jehanamu, na kila nyumba yenye watoto ina mmoja atakayethibitisha.

Wageni

Jiandae kwa swali la kwanza, ambalo ni "Hii ni sambusa iliyofunguka?" La pili ni kama ina nyama. Mjomba atakula nne akisema hapendi vitu vitamu. Mama mkwe atatoa tunda kwa kijiko, atalisogeza pembeni ya sahani, atachovya unga kwenye chai, na baada ya kimya cha heshima atasema, "Mazuri mwanangu, ila yanachanika." Huo ndio ushindi wako. Umeamka saa kumi, umepiga siagi, umelinda friji na kutunza barafu ili tu yachanike. Mwitikie, "Ahsante mama," na umuongezee chai.

Zilizobaki ziliwe siku hiyohiyo. Kesho yake unyevu wa tunda utakuwa umeshalainisha kila kitu. Ukilazimika, zipashe kwenye oveni nyuzi 180 kwa dakika tano, na maikrowevu isihusike. Kama umekata miraba mingi kuliko watu, gandisha mibichi, kabla ya kuumuka; siku utakayoihitaji ihamishie kwenye friji usiku mmoja, uiumue, uoke. Kama huna shughuli ya haraka, subiri kipupwe, Juni hadi Agosti, ambapo hata Dar alfajiri inakubali kushuka hadi nyuzi 20 hivi, na mambo yote niliyokutisha nayo hapa yanapungua kwa nusu.

Shoga yako wa emoji tatu atapiga simu jioni. Hatasifia, ataulizia oda, trei mbili, za kitchen pati ya mdogo wake, mwezi wa pili. Chukua kalamu: siagi gramu 300 kwa kila trei, mayai, maziwa, korosho, matunda, gesi, na alfajiri nzima ya maisha yako. Jumlisha, zidisha kwa mbili, mtajie bila kukohoa. Akisema ni ghali, mkaribishe saa kumi alfajiri aje apige siagi mwenyewe. Akifikisha tabaka 27, zake ni bure. Asipokuja, bei ni ileile, na nusu ilipwe kabla siagi haijatoka dukani.